Nne, Nne, Mbili

Wajukuu wangu nikiwatajia "nne, nne, mbili" hudhani nazungumzia mpangilio wa wachezaji uwanjani. Sisi wa zamani tunajua kwamba hiyo ilikuwa dozi ya klorokwini kwa mtu mzima: vidonge vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, viwili siku ya tatu, jumla kumi. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliifundisha hesabu hiyo darasani kama nilivyofundisha jedwali la kuzidisha, na niliamini kwa dhati kwamba mtoto aliyeweza kujumlisha hadi kumi alikuwa amepata kinga dhidi ya kifo cha malaria. Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi hesabu ile ilivyopotea, jinsi watu waliokwenda kwenye maduka ya dawa kuuliza na kuhesabu walivyotufumbua macho, na jinsi mimi, mwalimu mkuu mwenye heshima zangu kijijini, nilivyomkosea mtu vibaya kwa sababu nilihukumu kabla ya kuhesabu.

Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1971, na Januari iliyofuata nikapangiwa shule katika vijiji vya wakulima wa tumbaku mashariki ya mji wa Songea, eneo ambalo siku hizi ni Wilaya ya Namtumbo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Msomaji wa rika langu ataikumbuka. Kwa muda wa wiki kumi na mbili watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu kwa pamoja, kisha wakaenda kutenda. Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi chetu. Tulichimba vyoo, tukafukia madimbwi, tukafyeka majani kuzunguka nyumba. Ilikuwa kampeni ya kinga, na ilifanya kazi kubwa. Kuhusu tiba tulijua jambo moja tu, kwamba zahanati itajengwa, na ndani ya zahanati kutakuwa na dawa, na dawa zitatolewa bure.

Zahanati ilijengwa kweli. Miaka ile ilikuwa na matumaini makubwa. Mwaka 1974 Muhimbili ilianza kufundisha wafamasia wetu wenyewe. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, zipatazo mia mbili, likisema kwamba nchi maskini haihitaji maelfu ya dawa zinazotangazwa na wafanyabiashara, inahitaji chache zilizo bora na zinazomfikia kila mtu. Mwaka uliofuata, kule Alma-Ata, mataifa yakaahidi afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Hapa kwetu Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku biashara ya tiba kwa faida. Mgonjwa hakupaswa kuwa mteja.

Kisha ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka, na zahanati yetu ikabaki na mganga, meza na mizani. Kuanzia mwaka 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmaki na UNICEF, yakaanza kuletwa makasha ya dawa muhimu. Kasha lilipofika kijijini ilikuwa kama sikukuu. Lakini kasha la kijiji cha bondeni, kwenye mbu wengi, lilikuwa sawasawa na kasha la kijiji cha mlimani penye baridi. Sisi wa bondeni tulimaliza klorokwini kabla mwezi haujafika katikati, na wa mlimani walibaki nayo. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, ndipo utaratibu ulipoanza kubadilishwa ili kila kituo kiagize kile kinachokihitaji.

Mganga wetu alikuwa mtu mwema. Alipoona foleni ndefu na kopo linaloelekea kwisha, aligawa vidonge vinne vinne ili kila mtu apate chochote. Mimi nami nilikuwa na kopo langu ofisini, nililopewa kwa ajili ya wanafunzi. Mtoto akiletwa anatetemeka, nilimpa vidonge viwili na kikombe cha maji, nikamlaza chini ya mwembe, na kesho yake akirudi darasani anacheka nilihesabu kwamba amepona. Darasani nilifundisha kumi. Ofisini niligawa viwili. Sikuona kinyume chochote. Tulidhani tunagawana umaskini kwa haki.

Pembeni mwa zahanati kulikuwa na kitu kingine ambacho sisi watumishi wa Serikali hatukukitazama vizuri: duka la dawa baridi. Sheria ya mwaka 1978 iliruhusu maduka hayo yauze dawa zisizohitaji cheti cha daktari, yaani za kutuliza maumivu, za malaria, za minyoo na kadhalika. Dawa kali, zile ambazo watu waliziita dawa moto, zilikuwa za famasi yenye mfamasia, na famasi zilikuwa mijini. Biashara ya tiba iliporuhusiwa tena mwaka 1991, na uchangiaji wa gharama ukaanza hospitalini mwaka 1993, maduka haya yakachipuka kama uyoga. Ilipofika mwaka 2001 yalikuwa zaidi ya elfu nne Tanzania Bara, mengi kuliko vituo vyote vya Serikali vya kutolea huduma.

Nani alikuwa nyuma ya meza ya duka lile? Mara nyingi ni mwanamke aliyepata kuwa muuguzi msaidizi. Wa kijijini kwetu alipunguzwa kazi wakati Serikali ilipopunguza wafanyakazi, akatumia kiinua mgongo chake kununua rafu mbili na makopo kadhaa. Wateja wake walisemaje? "Nipe klorokwini nne na panadoli mbili." Hawakuomba dozi, waliomba kile walichoweza kulipia. Baada ya mauzo ya tumbaku mtu aliweza kununua kumi. Wakati wa masika, ambapo ghala ni tupu na mbu ni wengi, alinunua nne. Tena klorokwini iliwawasha watu wengi mwili mzima, hata mtu akakesha akijikuna. Homa ikitulia siku ya pili, nani angependa kumeza tena kitu cha kumwasha? Vilivyobaki vilifungwa kwenye kipande cha gazeti na kuchomekwa darini vikimsubiri mgonjwa mwingine.

Hayo yote niliyaona kwa macho yangu. Hakuna niliyemuuliza kwa nini.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu yangu huwa nzito. Mwaka 1999, mwezi Machi, kitinda mimba wetu alipata homa. Alikuwa na umri wa miaka minne. Zahanati haikuwa na dawa wiki ile, nikaenda dukani kwa yule mama, nikanunua klorokwini. Kwa mtoto wa uzito wake hesabu haikuwa nne, nne, mbili. Ilikuwa kimoja, kimoja, nusu. Mama yake alivisaga kijikoni akachanganya na asali, kwa maana klorokwini ni chungu kupita kiasi. Hata hivyo mtoto alilia na kutema, na mama yake akampa tena. Tulifuata kila kitu. Siku ya tatu alipewa ile nusu ya mwisho. Usiku wa siku hiyo ikamshika degedege.

Mimi niliyeongoza kikundi cha "Mtu ni Afya" niliketi kitandani nimemshika mwanangu, na majirani wakasema kwamba degedege si ugonjwa wa hospitali, mtoto akidungwa sindano katika hali ile atakufa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka hiyo ya 1990 waliyakuta mawazo hayo hayo: wazazi waliitambua malaria, lakini degedege waliiona kuwa jambo jingine kabisa, lenye tiba yake ya kienyeji. Ningeyajua hayo mapema huenda ningewajibu majirani. Usiku ule sikuwa na jibu. Tulisubiri hadi alfajiri, lori la kwanza likatuchukua kwenye tope la barabara ya Songea, na mwanangu akafia njiani mikononi mwa mama yake.

Baada ya matanga nilichukua kile kijibahasha cha karatasi kilichofungia vidonge, nikaenda dukani. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa. Nikamwambia yule mama mbele yao wote: "Umeniuzia chaki. Mimi ni mwalimu, chaki naijua." Hakujibu kitu. Alinitazama tu, kisha akaanza kupanga makopo yaliyokuwa yamekwisha kupangwa. Maneno ya mwalimu mkuu kijijini hayaanguki chini. Kabla ya wiki kwisha wanawake walikuwa wakiwaambia watoto wao, "Usiende kwa muuza chaki." Kabla ya mwaka kwisha duka lilifungwa, naye akahamia kwa ndugu zake njia ya Songea. Mimi nikajiona nimeitendea haki maiti ya mwanangu.

Mwezi Agosti mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba klorokwini si dawa ya kwanza ya malaria tena, na badala yake itatumika ile ya vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja, iliyojulikana kwa herufi zake, SP. Watu walinung'unika. SP haikushusha homa upesi kama klorokwini, na magazeti yakaandika habari za watu waliobabuka ngozi. Kwenye semina ya walimu wakuu tuliyoitiwa mjini, mtaalamu alisimama akaeleza sababu ya mabadiliko. Katika vituo vilivyochaguliwa nchini, alisema, wauguzi waliwapa watoto klorokwini kamili mbele ya macho yao, kidonge kwa kidonge, kisha wakawafuatilia siku kwa siku kwa kuwapima damu. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1990, karibu nusu ya watoto hawakupona ipasavyo. Dawa ilikuwa halisi, kipimo kilikuwa sahihi, na vimelea viliendelea kuishi.

Sikumbuki alisema nini baada ya hapo. Nilikuwa nahesabu: kimoja, kimoja, nusu.

Nilianza kusoma. Katika ualimu wangu wote nilikuwa sijasoma kitu kwa njaa kama ile. Nilijifunza kwamba dalili za usugu wa klorokwini katika Afrika Mashariki zilionekana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwanza kwa wageni waliotembelea Kenya na Tanzania. Kumbe nilipokuwa nikiwaimbisha watoto nne, nne, mbili, dawa ilikuwa imekwisha kuanza kutuacha. Nilijifunza pia jambo lililonituliza kidogo na kunishangaza. Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba usugu umetokana na sisi wanavijiji kutomaliza dozi. Uchunguzi wa chembe za urithi za vimelea umeonyesha kwamba mbegu ya usugu ule ilizaliwa Asia ya Kusini-Mashariki na kusafiri hadi kwetu. Lakini mbegu haioti bila shamba. Nchi nzima iliyokuwa ikimeza klorokwini kwa kila joto la mwili, mara nne, mara mbili, mara kumi, ilikuwa shamba lililolimwa vizuri, kwani vimelea dhaifu vilikufa na vile sugu vikabaki na uwanja wote.

Majirani zetu wa Malawi walitutangulia. Wao waliiacha klorokwini mwaka 1993. Baada ya miaka kadhaa vimelea sugu vilipungua hata vikatoweka, na jaribio lililofanyika Blantyre, lililochapishwa mwaka 2006, lilionyesha kwamba klorokwini ilikuwa imerudi kuwatibu karibu watoto wote. Shamba lilipoachwa, magugu yalikufa. Nilipolisoma hilo nilifikiri juu ya ile miaka minane kati ya uamuzi wao na wetu, na mtoto wangu alifia ndani yake. Silaumu. Kubadilisha dawa ya taifa zima si kubadilisha kitabu cha darasa la tatu. Kuna fedha, kuna mafunzo, na kuna dawa ya badala ambayo nayo inaweza kushindwa. SP yenyewe haikudumu. Nataka tu msomaji aone kwamba kati ya kujua na kutenda kuna watu wanaoishi na kufa.

Mwaka 2003 jambo jipya lilianzia mkoani kwetu Ruvuma. Wizara ya Afya na Mamlaka mpya ya Chakula na Dawa, pamoja na shirika la Kimarekani la Management Sciences for Health, walikuwa wamefanya uchunguzi juu ya maduka ya dawa baridi na kukuta yale ambayo kila mwanakijiji aliyajua: maduka yaliuza dawa moto kinyume cha sheria, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Wangeweza kuyafunga. Lakini hesabu iliwaambia kwamba mgonjwa huanza dukani, kwa sababu duka liko karibu, liko wazi hadi usiku, na halimfokei mtu. Ukilifunga, mgonjwa hataenda hospitali, atakwenda kwa mchuuzi mwenye begi. Basi wakaamua kuyafundisha. Muuzaji apate mafunzo ya wiki kadhaa na cheti, duka likaguliwe na kusajiliwa, kisha liruhusiwe kuuza baadhi ya dawa za cheti kihalali. Jina likawa Duka la Dawa Muhimu.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi walivyopima matokeo. Njia mojawapo ilikuwa mteja wa kujifanya. Mtu anaingia dukani kama mteja mwingine yeyote, anasema nyumbani kuna mgonjwa wa homa, anasikiliza anachoambiwa, ananunua anachopewa, kisha akifika mbali anaandika yote. Mwanzoni niliona ni ujanja usiofaa. Halafu nikakumbuka wakaguzi wa shule. Siku ya mkaguzi, kila mwalimu ana andalio la somo, ubao umefutwa, na hata mvivu anafundisha kama malaika. Mkaguzi huondoka na ripoti nzuri juu ya shule ambayo haipo. Anayetaka kuiona shule iliyopo lazima apite siku ambayo hakuna anayemsubiri, na awe anataka kujifunza, si kumfukuza mtu kazi.

Aidha hawakuutazama Ruvuma peke yake. Waliuchukua Mkoa wa Singida, ambako mpango haukuwa umeanza, wakapima huko pia. Mwalimu ataelewa mara moja. Ukijaribu njia mpya ya kufundisha katika mkondo A na watoto wakafaulu, hujui kama ni njia yako au ni mtihani rahisi, mpaka utazame mkondo B uliofundishwa kwa njia ya zamani. Katika maduka ya Ruvuma, dawa zisizosajiliwa zilishuka kutoka asilimia 26 hadi asilimia 2. Utoaji sahihi wa dawa ya malaria uliongezeka, ingawa bado ulikuwa chini ya nusu, nao waliandika hivyo bila kuficha. Mpango ulienezwa baadaye katika mikoa yote ya Tanzania Bara.

Hapo ndipo nilipouelewa msiba wangu. Mimi nilikuwa na mgonjwa mmoja, bahasha moja na duka moja. Kwa vitu hivyo vitatu nilitoa hukumu. Mtoto mmoja anapokufa, sababu zinaweza kuwa kumi, na huzuni huichagua ile iliyo karibu zaidi, hasa ikiwa ni ya mtu asiye na nguvu ya kujibu. Wale waliofuatilia watoto wengi kituoni hawakuwa na akili kuliko mimi, wala hawakuwa na uchungu kuliko mimi. Walikuwa na idadi, na walikuwa na subira ya kuihesabu.

Mwaka 2004 nilisikia kwamba yule mama amefungua tena duka, safari hii huko alikohamia. Nilikwenda Jumamosi moja. Duka lilikuwa limepakwa rangi mpya, cheti chake kimetundikwa ukutani, na vidonge vimekaa kwenye rafu zenye vioo. Alinitambua kabla sijavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama." Nikasimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilimweleza yote niliyoyasoma, kuhusu usugu, kuhusu vituo, kuhusu nusu ya watoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini mwishowe nikasema tu, "Nilikukosea, mama. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, hata mimi siku ile niliogopa. Nikasema, huenda aliyeniletea ameniuzia chaki kweli. Usiku nilitoa kidonge kwenye kopo lile lile nikakitafuna." Akatikisa kichwa. "Kilikuwa kichungu, Mwalimu. Kilikuwa kichungu mno."

Nilitoka pale nikashindwa kupanda basi. Uchungu si ushahidi kamili wa dawa nzuri, hilo nalijua. Lakini mwanangu alilia kwa uchungu ule ule, nami nilikuwepo, nikamshika miguu huku mama yake akiingiza kijiko kinywani. Chaki haina uchungu. Nilikuwa nimeishika chaki kwa miaka ishirini na saba, vumbi lake liko hadi kwenye mapafu yangu. Ushahidi ulikuwa kwenye kijiko cha nyumbani kwangu, na sikuutaka.

Alinisamehe. Hakusema hivyo kwa maneno; alinifungia panadoli za safari akakataa fedha yangu. Mke wangu nilipomsimulia alinyamaza, halafu akasema kwamba yeye hakuwahi kuamini habari ya chaki. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa huulizi."

Mengine yaliyofuata nitayapitia kwa ufupi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 SP ilipisha dawa mseto, yenye dawa mbili ndani ya kidonge kimoja ili kimelea kikiikwepa ya kwanza kikutane na ya pili. Ya kwanza ni jamii ya atemisinini, itokanayo na mmea ambao Wachina wameujua tangu kale. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waliitenga mwaka 1972, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwanzoni dawa mseto ilikuwa ghali mno dukani. Kwa hiyo mwaka 2007 na 2008 katika Wilaya za Maswa na Kongwa likafanyika jaribio la kuipunguzia bei kwa ruzuku ili wauzaji waiuze kwa bei nafuu. Katika mwaka mmoja, kati ya wateja waliokuja kununua dawa ya malaria, walioondoka na dawa mseto walipanda kutoka asilimia 1 hadi asilimia 44. Watu wale wale tuliowaita wabishi na wajinga walinunua dawa bora mara ilipolingana na mifuko yao.

Watafiti wakatuvua na kosa jingine. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi yetu: kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea kwenye damu. Wengine walikuwa na ugonjwa mwingine uliohitaji dawa nyingine. Niliwakumbuka watoto wa chini ya mwembe. Wangapi kati yao hawakuwa na malaria kabisa? Leo kuna kipimo cha haraka cha tone moja la damu, na watoto shuleni wanafundishwa kwamba si kila homa ni malaria. Kwa vyandarua, vipimo na dawa mseto, watoto wa chini ya miaka mitano wenye vimelea Tanzania Bara walishuka kutoka asilimia 18 katika uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 hadi asilimia 7 mwaka 2017.

Lakini hadithi haijaisha. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vilivyobadilika na ambavyo huchelewa kufa kwa atemisinini, na baadaye vimelea vya aina hiyo vimeonekana pia mkoani Kagera. Dawa mseto bado inatibu. Hata hivyo sisi tulioishi wakati wa klorokwini tunaijua harufu ya mvua hiyo kabla haijanyesha. Safari hii angalau kuna watu wanaopima mapema, na taarifa zao hazisubiri miaka ishirini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na kijana mwenye daftari akikuomba dakika kumi akuulize ulinunua dawa gani, wapi, kwa shilingi ngapi, na vilibaki vidonge vingapi, usimfukuze ukisema anakupotezea muda. Mwambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba ulimeza viwili ukaficha vilivyobaki darini. Na wewe uliye mzazi, mwalimu au kiongozi, ukipatwa na msiba, lia kwanza. Hukumu iache isubiri.

Mwaka jana mjukuu wangu alipimwa, akakutwa na malaria, akaletewa dawa mseto ya mtu mzima. Vidonge ishirini na vinne: vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, wa pili baada ya saa nane, na kila mara baada ya chakula chenye mafuta kidogo. Ni hesabu ngumu kuliko ile ya kwetu. Nilichukua daftari, nikachora mistari sita, nikamwambia kila anapomeza aje aweke alama mbele yangu. Alicheka akasema, "Babu, mimi si mtoto." Nikamjibu kwamba najua. Jioni ya siku ya tatu aliweka alama ya sita, na pakiti ilikuwa tupu. Niliihesabu mara mbili.